Nguvu ya Kumwinua Papa

Iko siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, na mke wangu asisikie nikisema hivyo. Nilikuwa kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinaota. Nilikuwa mrefu, mwembamba, kifua kama mlango wa jikoni. Watu wa kilima chetu, huku juu ya Rubaya, walikuwa wananiita Fito, kwa sababu fito ni ile miti myembamba tunayofunga kwenye ukuta kabla ya kuupaka udongo. Mimi nilikuwa naitika. Jina likishakukalia, utalivua namna gani?

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja kuniuliza juu ya vile vidonge vinavyouzwa sokoni, vya kumpa mtu mwili haraka. Sikukujibu pale pale. Kuna jibu ambalo haliingii katika neno moja, linahitaji mtu akae.

Sasa, katika mwaka ule Papa, baba yangu mzazi, alikuwa ameanguka malishoni, upande wake wa kuume ukakataa. Waganga wa hospitali walisema ni tansio, shinikizo la damu, iliyopanda mpaka kichwani. Aliporudi nyumbani, mkono ulikuwa unaning'inia, mguu unaburuta, na ulimi wake umekuwa mzito, ukimsikiliza ulikuwa unalazimika kusogea karibu. Kaka yangu mkubwa alikuwa Walikale, alikoenda kutafuta maisha katika biashara, kwa hiyo mwanaume mzima katika nyumba nilibaki mimi. Lakini kila asubuhi waliomwinua Papa kitandani na kumkalisha nje kwenye jua walikuwa Mama na dada yangu Neema. Mimi nilikuwa nabeba kiti.

Siku ile ya mvua Mama na Neema walikuwa wameshuka sokoni na maziwa. Mvua ya kwetu haipigi hodi, unaijua. Ilitokea nyuma ya mlima na kutukuta, Papa kwenye kiti katikati ya ua, mimi mlangoni. Nilikimbia, nikamshika kwapani, nikavuta. Mgongo ukakataa, na sote wawili tukateleza tukaketi kwenye majani yaliyolowa. Nikajaribu tena. Tukaketi tena. Wamama wawili waliokuwa wanapita na mizigo ya viazi walitua mizigo yao, wakaja, wakamwinua Papa kama mtu anavyoinua mtoto, wakamwingiza ndani. Wakarudi kwenye mizigo yao.

Nilikuwa namfuta Papa maji nikingoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliniangalia mikono, akaangalia miguu, kisha akauliza polepole, neno baada ya neno:

"Fito, nguvu ya muntu iko inaanzia wapi? Ku mikono, ao ku miguu?"

Nilikuwa nimesoma, nilikuwa naweza kukutajia mito ya Kongo yote, lakini jibu la swali lile sikulijua. Na udadisi, mwanangu, ni kama kiroboto: ukiingia ndani ya shati hukai tena. Tangu siku ile nikaanza kuangalia watu. Niliwaangalia wamama wanaobeba mizigo kwa kamba ya kwenye paji la uso, nikaona kwamba hawavuti kwa mikono kamwe, wanapiga goti kwanza, wanauleta mzigo mgongoni, halafu wanasimama kwa miguu. Niliwaangalia wapasua mbao. Niliangalia hata fahali wa jirani, shingo yake, nikajiuliza: huyu anakula majani tu, ile nyama yote inatoka wapi?

Nikaenda kumwuliza Bahati. Bahati alikuwa kijana wa rika langu, mchimbaji kule kwenye vilima vya koltani, yale madini ya kwetu, mfupi, mabega kama nira. Alikuwa anarudi nyumbani siku za Mungu, Jumapili. Aliniambia jambo ni rahisi: chukua jiwe kubwa kuliko uwezo wako, liinue kila asubuhi na kila jioni mpaka uanguke. Maumivu ndiyo yanayoleta mwili.

Nikamwamini, kwa maana mwenye mwili alikuwa yeye. Nilitoa jiwe mtoni, nikalileta nyuma ya nyumba kwa kulibingirisha. Kila asubuhi nililikumbatia, kila jioni nikalikumbatia. Nilikuwa nachoka mpaka sina hamu ya kula. Usiku mwili wote unauma, usingizi haupatikani. Baada ya muda shati lilizidi kunipwaya, na bega la kushoto likaanza kuchoma hata nikashindwa kukamua ng'ombe. Neema aliponiona nakamua kwa mkono mmoja akamwambia Mama, na Mama akamwambia Papa.

Papa aliniita nikae chini karibu na kiti chake. Karipio lake lilikuja kwa njia ya swali, kama kawaida yake.

"Ngombe iko inanenepa wakati gani?"

Nikasema wakati inakula majani.

"Hapana. Majani inaingia ku mulima. Lakini nyama inakuya wakati ngombe imelala, iko inatafuna tena ile yenye ilikula. Ngombe yenye unatembeza siku yote, hata majani ikuwe mingi, itabakia mifupa." Akapumzika, maana maneno yalikuwa mengi kwa ulimi ule. "Weye uko unajitembeza, mutoto yangu. Unalala saa ngapi? Unakula nini? Bahati alianza kubeba tangu mudogo, na kule wanamupikia maharage sufuria nzima. Weye unaiga jiwe yake, mbona huigi sahani yake?"

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi nilikuwa nimeona vinavyoelea, sikuuliza vimeundwa namna gani.

Jiwe tukaliacha. Papa akaniambia nilete bidoni, ile ya njano ya kuchotea maji, na niitie maji kidogo tu, chini ya nusu. Niliona haya, kwa sababu wasichana wadogo wa kilima walikuwa wanapandisha bidoni zilizojaa. Akasema haya ni mzigo usio na faida, niutue. Basi nikawa nakumbatia ile bidoni kifuani, nachuchumaa mpaka chini, nainuka, mgongo umenyooka, visigino havitoki ardhini. Mwili ukishazoea, naongeza kikombe cha maji. Ukizoea tena, kikombe kingine. Unaona uzuri wake? Jiwe haliongezeki wala halipungui, lakini maji yanakusikiliza.

Pompe, yale mazoezi ya kulala kifudifudi na kujisukuma juu, sikuweza hata moja. Nilianzia ukutani, nimesimama, naegemea na kujisukuma. Kutoka ukutani nikashuka kwenye benchi, na kutoka kwenye benchi nikashuka chini. Kwa kujivuta tulifunga mti wa mkalitusi katikati ya nguzo mbili za zizi, na mwanzoni nilikuwa naning'inia tu kama nguo iliyoanikwa, Neema akicheka hadi anashika ukuta. Siku moja kazi, siku inayofuata mapumziko. Siku ya mapumziko Papa alikuwa mkali kuliko siku ya kazi. Akinikuta nainua kitu, ananiuliza kama nimesahau ngombe.

Upande wa chakula ndipo penye ugumu, nisikudanganye. Nilimwomba Mama kikombe cha maziwa kila siku, akakataa. Alikuwa na haki. Ng'ombe wetu walikuwa wamebaki wachache baada ya kukimbiakimbia kwa vita, na maziwa yale ndiyo yalikuwa chumvi, sabuni, na dawa ya Papa. Nikakaa nikafikiri. Nyuma ya zizi kulikuwa na kipande cha ardhi kilichojaa magugu, chenye samadi ya miaka. Nikakilima, nikapanda maharage. Kuku wawili wa Neema nikawajengea kibanda kisichoingiwa na mnyama, ili mayai yasipotee. Mama alipoona sikuja kwake na mdomo peke yake, alinibakizia mashanza, yale maziwa yaliyoganda, kikombe kila jioni. Juu yake nilikula maharage na viazi, avoka, yaani parachichi, zilizoanguka kwa jirani, njugu tukizipata, na sambaza, wale samaki wadogo waliokauka, wanaotoka ziwani. Ni chakula kile kile cha kila nyumba ya hapa. Mimi nilichobadilisha ni kula kwa wingi, kila siku, na kulala mapema.

Sasa nikufikishe kwenye jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelitafuta. Nilipokuwa napiga pompe, Papa alikuwa ananihesabia kwa sauti. Mwanzoni ile hesabu ilikuwa inatoka kama matope, moja, mbili, zinashikana, na mimi namngoja chini mpaka aimalize namba ndipo nipande. Nilidhani ananitesa. Lakini kadiri nilivyoongeza, na yeye aliongeza, na ikafika siku namba zikawa zinatoka moja moja, safi, kama maharage yakidondoka kwenye sinia. Mama akatoka jikoni kusikiliza. Alisimama na mwiko mkononi.

Tangu hapo Papa naye akawa mwanafunzi. Aliomba kikombe chenye maji kidogo, akawa anajaribu kukiinua kwa mkono uliokataa. Siku za kwanza kilimwagika. Kwa siku za mapumziko hata yeye alipumzika, na nikimkuta anaiba mazoezi nilikuwa namwuliza juu ya ngombe. Alikuwa anacheka upande mmoja wa mdomo.

Miezi ilipita bila mimi kuona kitu, na hapa ndipo wengi wanapoacha. Mwenyewe hujioni, kama vile usivyoona mahindi yakirefuka. Aliyeona ni Neema, siku alipokuwa anashona shati langu lililopasuka kwenye kwapa. Akaligeuzageuza, akaniangalia, akauliza kama shati limerudi kwa maji ao ni mimi nimeongezeka.

Asubuhi iliyofuata niliamka kabla yao. Nilipiga goti kando ya kitanda kama wale wamama wa viazi, nikamleta Papa kifuani, mkono wake mzima shingoni kwangu, nikasimama kwa miguu. Alikuja. Mwanangu, alikuja juu, na mimi nikaogopa kuliko kufurahi. Nilimbeba hadi nje nikamkalisha. Mama alipotoka na kumkuta juani, aliangalia huku na huku kutafuta ni jirani gani aliyetusaidia. Alipoelewa, aliketi kwenye kizingiti, akaweka mkono kiunoni pake, mahali palipokuwa panamuuma tangu ugonjwa wa Papa, na akakaa pale hata uji ukaungua.

Baada ya siku chache Papa aliniomba kitu. Alitaka kufika malishoni, kule juu, mahali alipoangukia. Hakuwa amepaona tangu siku ile. Nikambeba mgongoni. Nilipumzika kwenye kila jiwe lenye kukalika, na alipoona napumua kwa nguvu alikuwa ananiambia nimtue, tusishindane na mlima. Tulipofika, ng'ombe walikuwa mbali, ng'ambo ya bonde, wanakula. Nilimkalisha kwenye majani. Halafu akavuta pumzi, akamwita ng'ombe wake wa kwanza, yule mzee, kwa jina:

"Bihogo!"

Sauti ilitoka nzima. Ilivuka bonde. Na yule ng'ombe akainua kichwa, akasimama kidogo kama mtu anayekumbuka, kisha akaanza kuteremka kuja kwetu.

Papa aliishi miaka mingine mingi baada ya hapo. Mkono haukurudi wote, uliishia kwenye kushika kikombe, naye alisema kikombe kinamtosha. Mgongo wake haukuwahi kutoka kidonda cha kulala. Kaka yangu aliporudi kutoka Walikale alitukuta tunakunywa chai nje.

Basi sikia, mwanangu, nilichobakiza kukuambia. Wembamba wako si laana, ni mahali pa kuanzia. Usimeze vile vidonge. Nimewaona waliovimeza, mashavu yamejaa na miguu haipandi kilima, na wengine walifikishwa hospitali kabla ya nguvu kufika. Anza na kidogo ambacho unakionea haya, bidoni, ukuta, mfuko wa udongo, na uongeze polepole, kwa maana haba na haba hujaza kibaba. Kiungo kikichoma, acha, usikibishie. Kula cha nyumbani, lakini usile cha wadogo zako, panda chako uongeze kwenye sufuria. Lala. Usiku ndio fundi, wewe mchana unampelekea matofali tu. Ukitaka kujua jambo, uliza, na ukishajibiwa uliza tena mtu wa pili, maana hata mwenye mabega anaweza kuwa hajui yalikotoka. Na mwili ukishakuja, utafutie kazi. Nguvu isiyomwinua mtu ni nyama tu, hata fahali anayo.

Mungu akupe mifupa migumu na moyo laini. Akupe usingizi, akupe hamu ya kula na kitu cha kula. Akupe miaka mingi kwenye vilima hivi, na watu wa kwako wa kuwabeba, na siku miguu yako itakapochoka, asikukoseshe mgongo wa kupandia. Amina. Sasa nenda ukalale, mwanangu, mwili uanze kazi yake.