Kombora Lililoniamkia

Mie ndiye fundi wa makombora kwenye banda letu la gemu Mbagala, na sijidai bure. Kwenye gemu lenyewe tunajiundia vyombo vya anga na kupigana. Makombora yalikuwa yanalipua hata wenzetu, nikayafundisha adabu: kombora likikuta chombo linatuma "shikamoo", kisichojibu "marahaba" linakilipua. Vyombo vya wenzangu vyote nikaviwekea jibu.

Jumamosi banda likajaa watazamaji. Kombora la kwanza likawaamkia wenzangu, likaitikiwa, likapita, likamlipua adui. Shangwe! La pili likakosa adui, likageuka, likaniamkia mie. Kimya. Likaamkia tena. Chombo changu mwenyewe nilikisahau! Likanipata katikati kabisa. Shabaha ile hamjaiona popote.

Zuhura, mwenye banda, akanitazama. "Braza, umeamkiwa mara mbili hujaitikia. Ulilelewa wapi?"