Matairi ya Nyuma ya Gereji

Mtaani walimwita Pindo, maana hakuna aliyekunja pindo la sketi likanyooka kama lake. Miaka kumi na tisa alishona mbele ya dirisha lililotazama ua wa gereji, ambako matairi makuukuu yalijaa maji ya mvua na mbu.

Homa ilimshika Jumanne, akikata kola. Alhamisi hakumtambua mumewe. Alizinduka hospitalini baada ya siku kumi na moja, na daktari akamweleza taratibu kwamba mbu alimwachia virusi vya ubongo, ugonjwa ambao pale hawakuwa wameuona kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Wengi hawarudi, dada," alisema. "Wewe umerudi."

Alirudi, lakini mkono wa kulia ulikuwa mzito kama gogo, na maneno yalimponyoka. Sindano aliiita mwiba.

Wifi yake alikuja kumjulia hali. "Wifi, shukuru umepona. Hiyo cherehani mpe mwenye mikono."

"Mikono ninayo," Pindo akajibu, akitafuta maneno. "Mmoja umelala. Mwingine uko macho."

Akapasua shuka kuukuu vipande vipande, akajifunza kushona kwa kushoto. Mishono ilikwenda upogo kama mlevi. Akafumua, akashona, akafumua. Baada ya miezi minne alimaliza shati zima.

Ndipo akamwendea mwenye gereji. "Yaondoe matairi yako."

"Mama, yale maji yapo siku zote."

"Na mimi nilikuwa mzima siku zote."

Jamaa akaahidi kesho. Kesho zikapita tatu. Ya nne, asubuhi, Pindo aliingia uani, akaburuta tairi kwa mkono wake mmoja, akamwaga maji, akalilaza mbele ya lango la gereji. Akarudi kuchukua la pili. Majirani wakatazama tu. Wifi yake alimfuata akinung'unika kwamba ukaidi utamuua, kisha akakunja mikono ya gauni, akashika tairi. Kufikia adhuhuri hakuna gari lililoweza kuingia wala kutoka, na mwenye gereji akaleta lori mwenyewe.

Wiki iliyofuata maofisa wa afya walifika na mabomba ya dawa na mpiga picha. Walimwomba Pindo aseme neno la shukrani.

Akawatazama kwa zamu. "Hapa mmechelewa," alisema. "Nendeni mtaa wa pili, kabla mbu hawajawatangulia."