Mstari wa Begani kwa Kabula

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha ultrasaundi sikuruhusiwa kumgusa mgonjwa. Nilikuwa nimetoka eksirei, najiona fundi. Msimamizi wa Kitengo cha Picha, Mfipa mrefu asiyecheka asubuhi, alijaza maji kwenye glavu, akaifunga fundo, akailaza juu ya mkono wake. Akaniambia nimtafutie mshipa wa damu. Nikakandamiza kichwa cha mashine juu ya glavu, nikatazama kioo, nisione kitu.

"Umeuzima mshipa wangu," alisema. "Bwana mdogo, hapa hatusongi ugali. Usibonyeze. Acha maji yabebe mkono wako."

Nyie vijana mna vichwa vidogo vya mashine, vilivyotengenezwa kwa ajili ya ngozi. Mashine yetu ililetwa kwa ajili ya wajawazito na maini. Ilirusha mawimbi ya sauti mwilini na kuyageuza picha yaliporudi, lakini kilichokuwa juu juu, chini tu ya ngozi, kilionekana kama ukungu. Glavu ya maji iliinua kile kichwa kidogo, na ngozi ikaonekana vizuri. Ila ukibonyeza, mishipa inalala, na vitu laini vinajificha.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa. Madukani Sumbawanga kulijaa redio na mitumba, lakini dizeli ya jenereta ya hospitali tuliitafuta kwa tochi. Ndipo alipoletwa Kabula.

Alikuwa mke wa mfugaji, wa zile familia zilizohama na ng'ombe kutoka Usukumani na kuweka makazi kule bondeni, upande wa Muze. Begani kushoto, juu ya alama za chale alizochanjwa utotoni, palikuwa na uvimbe mgumu. Kila mtu aliuita kovu lililoota nyama. Ulishakatwa mara moja kwenye zahanati, ukarudi mkubwa zaidi. Mama mkwe wake aliingia naye, akasimama kati yangu na kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wembe hapana. Nimeambiwa chombo chako hakikati."

"Hakikati, mama."

Kabula mwenyewe alikuwa na neno moja tu. "Mimi nautaka mkono wangu. Nina mtoto wa kubeba na ndoo za kujitwika. Nikibaki na mmoja nitaishije?"

Nikaweka glavu, nikapitisha kichwa taratibu. Kovu la kawaida hukaa juu kama kifuniko cha chungu. Hili lilikuwa na miguu. Ilishuka kwenye mafuta ya mwili na kutambaa pembeni, chini ya ngozi ambayo kwa macho ilikuwa nzima kabisa. Nikamwita Msimamizi, naye akamwita Daktari Bingwa wa upasuaji, aliyekuwa amekuja kwetu kwa ndege ndogo.

Daktari alikisogelea kioo. "Picha haiwezi kutupa jina lake," alisema. "Jina watalitoa maabara, tukishapeleka kipande. Lakini nadhani ni uvimbe wa ngozi wa nadra, ule unaokwenda polepole na kurudi kila ukikatwa juu juu. Ukifika kwapani, mkono hatuna. Nichoree mpaka wake."

Nilichora juu ya ngozi kwa kalamu ya wino, nikifuata miguu ile mmoja mmoja. Msimamizi akamgeuzia mama mkwe kioo, jambo ambalo hatukuwa na desturi nalo. Bibi akatazama muda mrefu, akashika kichwa. "Kumbe kinakula chini kwa chini," alisema. "Basi, kateni. Kesho."

Kesho yake asubuhi Kabula aliletwa mlangoni pa chumba cha upasuaji ananukia sabuni. Nesi alikuwa ameagiza aoge. Mama mkwe, asiyetaka mkwewe aende mbele ya madaktari akiwa mchafu, alimsugua kwa dodoki mpaka begani pakatakata. Wino wote uliondoka.

"Mstari uko wapi?" Daktari aliuliza.

Kuuchora upya kulihitaji mashine, na mashine ilihitaji umeme. Umeme wa mji ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Jenereta haikuweza kubeba taa za upasuaji na mashine yangu kwa pamoja, na dizeli iliyobaki ilikuwa kidogo. Rubani naye alisimama uani akitazama juu. Wingu likishuka Ufipa huruki, na kulikuwa na wagonjwa wengine waliomsubiri Daktari mbele ya safari.

"Nikikata kwa macho, nitaacha mguu ndani," Daktari alisema. "Mpeni umeme wa mashine kwanza. Bwana, fanya haraka. Dizeli ikiisha nikiwa nimeshamfungua, tumempoteza."

Nilijaza glavu maji haraka haraka. Nikaweka kichwa, nikaona mafuta ya mwili tu. Ile miguu haikuwepo. Nikahamisha, nikabonyeza zaidi. Haikuwepo. Jasho likaniingia machoni. Nje jenereta ilikohoa.

Msimamizi alisogea nyuma yangu. "Umeuzima mshipa wangu," alisema kwa sauti ya chini.

Nikaachia mkono. Maji yakaubeba. Miguu ikarudi kiooni, mmoja, kisha mwingine, na ule mrefu uliokuwa ukielekea kwapani, haujafika. Safari hii nilichora kwa dawa ya zambarau ya vidonda, isiyosikia sabuni. Mama mkwe alinyoosha mikono yake juu kama aliyekamatwa. "Safari hii simwogeshi mtu!"

Mashine ikazimwa, taa zikawaka. Dizeli ilifika hadi mshono wa mwisho, na ndege iliruka ukungu ukigusa miti. Baadaye maabara walithibitisha alichokidhani Daktari.

Msimamizi alishafariki. Nilipostaafu nilifungua bahasha nilimoweka picha zangu za thamani, ya Kabula ikiwemo. Karatasi zile zilichapwa kwa joto, na zote zilikuwa zimefifia, nyeupe tupu. Iliniuma. Niliona kama kazi yangu yote imefutika.

Wiki ile ile nilikwenda kuaga wenzangu. Penye bomba la uani palikuwa na mama mtu mzima aliyekuja kumuuguza mjukuu. Kwenye bega lake la kushoto kulikuwa na kovu pana, lenye kona ninazozijua. Nilizichora mimi. Kabla sijamwita, aliinama, akashika ndoo iliyojaa kwa mikono miwili, akaipandisha kichwani bila kutwishwa na mtu.

Nililia pale pale, mbele ya watu, wala sikuona haya.