Mikono ya Shangazi na Mashine ya Upepo

Shangazi yangu alisafisha vyoo na sakafu za hospitali tangu mimi sijui kufunga kamba za viatu. Maji ya kudekia yalimla mikono mpaka ikawa haipati joto hata juani. Tulikuwa tunamtania kwamba ukitaka kusalimiana naye uvae sweta kwanza. Alicheka tu, hakuwa mtu wa kununa.

Kisha binti yake wa pekee akafariki akijifungua, akaacha kitoto njiti cha kuenea kiganjani. Wauguzi wakamwambia Shangazi, ndiye bibi, akipakate kifuani kila siku, ila mikono isiwe ya baridi, maana njiti hana joto la kuchezea.

Basi Shangazi akawa anapitia kwanza chooni, kwenye mashine ya kukausha mikono. Fundi alishamweleza: chini yake kuna jicho linalotoa mwanga tusiouona, mkono ukiurudisha ule mwanga, feni inaanza kusukuma hewa kwenye waya wa moto. Alisimama pale hadi viganja viwake, ndipo aende kwa mjukuu. Na mjukuu akaanza kunenepa, jamani.

Wakabadilisha mashine. Mpya ilinguruma kama pikipiki mbovu, na upepo wake baridi.

“Hii haina waya wa moto, mama,” fundi akasema kwa maringo. “Inapeperusha maji kwa kasi tu. Inaokoa umeme.”

Nilitamani nimzabe kibao. Umeme! Shangazi akaitikia, “Sawa, mwanangu,” akaendelea kudeki. Toka hapo akawa anapasha mikono kwapani.

Asubuhi moja hali ya mtoto ikabadilika, wakamwita haraka. Akatupa ndoo, akakimbilia kwenye mashine ile ile ya upepo baridi badala ya wodini. Nilimkuta anaingiza mikono, anajipapasa mashavu, anaingiza tena.

“Twende, Shangazi.”

“Subiri, bado ya baridi. Nitamdhuru.”

Nikamburuta.

Tulipofika, kitoto kilikuwa kimeshakata roho. Muuguzi akamnyooshea kitoto, kimeviringishwa kwenye shuka. Shangazi akaficha mikono nyuma.

“Ya baridi,” akasema.

“Haidhuru sasa, mama. Mpokee.”

Akampokea. Akanigeukia, akaniambia mtoto ana joto kuliko yeye. Akarudia tena, kisha akakaa sakafuni, pale pale alipodeki asubuhi.