Lori Lililofichwa kwa Mabua

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa sababu baba mkwe wangu alifika nyumbani na dumu la asali mkononi, akakuta tumejenga uzio wa mabua ya mahindi katikati ya uwanja. Alikuwa mfuga nyuki, mtu wa kukaa porini na mizinga yake, na kwa miezi mingi hakuwa amekanyaga kwetu. Akauzunguka ule uzio polepole. Kisha akaniuliza humo ndani tunafuga nini.

Nikatazama chini nikamwambia ni lori.

Ngoja nikueleze tulifikaje hapo, maana hata mimi nikilikumbuka nacheka.

Mimi na mume wangu, Baba Felista, tulikuwa wakulima wa mahindi na karanga katika kijiji kilichopo njia ya kwenda Mishamo. Ardhi ilitupa chakula kingi. Shida yetu ilikuwa kukifikisha mjini. Wanunuzi walikuja na magari yao, wakataja bei wanayoitaka wao, na ukibisha wanapanda garini wanaondoka. Mwaka mmoja kijiji kizima tulikataa bei yao. Wakaondoka kweli, mvua ikatukuta na magunia nje, mahindi yakaota ukungu. Nilimwona mume wangu akiyamwaga shimoni kwa koleo. Jioni ile akaniambia, "Mama Felista, tutanunua gari letu."

Alilipata Mpanda, nyuma ya ghala moja pale Kashaulili. Lilikuwa lori la zamani lenye turbo, kile kidude kinachoisukumia injini hewa ili iwe na nguvu mlimani. Mwenye gari alikuwa amehama, amelitelekeza. Majani yalikuwa yameota hadi yanachungulia kwenye boneti, na kuku wa jirani alikuwa anatagia kwenye kiti cha dereva. Mimi nilimwonea huruma yule kuku kuliko gari. Lakini mume wangu alikuwa ameshaliona akilini mwake likiwa limepakwa rangi, na mimi nikaliona pamoja naye. Tukauza ng'ombe wetu wote, hata yule wa maziwa niliyempenda, ambaye alikuwa akinifuata hadi mlangoni kama mtoto.

Lori lilivutwa na trekta hadi kijijini. Ilikuwa Jumapili na watu walikuwa wanatoka kanisani, kwa hiyo kila mtu alikuja kushangaa. Mume wangu hakuweza kungoja. Akafunga betri ya kuazima, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, halafu ikawaka na kutoa moshi wa bluu mzito kiasi kwamba kwaya nzima ilipotea machoni petu. Moshi ulipotulia tukamwona Bwana Anselimu, mwenye mashine ya kusaga, amesimama nyuma ya bomba la moshi. Shati lake jeupe la Jumapili lilikuwa na madoa ya oili kama manyoya ya kanga. Injini ikazima yenyewe. Watu wakaangua kicheko.

Kuanzia siku ile lori likaitwa Jiko. Jirani yetu Mama Zakaria, mwanamke mwenye maneno, alikuja asubuhi na kigae cha kuchukulia makaa mkononi, akaenda moja kwa moja kwenye lile gari na kuliomba moto. Wapita njia wakawa wananiuliza kama chai imeshachemka. Mimi nilikuwa nacheka nao. Mume wangu hakucheka. Kila neno lilimwingia kama mwiba, na siku moja akakata mabua, akasimamisha uzio ule hadi lori likapotea kabisa.

Mwanangu, mtu anayejificha anapata kazi mbili. Mume wangu alikuwa anatengeneza gari, na wakati huohuo anahakikisha hakuna anayejua kwamba anatengeneza gari. Alikuwa hawashi injini mpaka asikie mashine ya Anselimu inanguruma, ili mlio wa mashine uufunike wake. Akaacha kwenda kwenye vikao. Mgeni akipiga hodi, mume wangu anajificha chini ya gari. Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kuingia, fundi kutoka mjini, naye alishachoka na safari za kuja kwetu. Akashauri aing'oe ile turbo, maana ndiyo iliyokuwa inamshinda, azibe mahali pake, na gari litembee hivyohivyo. Mume wangu alikuwa amekaribia kukubali. Nilimuuliza tutapandaje mlima wa njia ya mjini na magunia bila nguvu ile, akaniambia kwa ukali kwamba mimi nataka watu waendelee kutucheka. Hakuwahi kunisemesha hivyo kabla. Nilienda jikoni nikalia, na mahindi shambani yalikuwa yanakauka, yanangoja kuvunwa.

Hapo ndipo baba mkwe alipofika na asali yake.

Nilimweleza yote. Akala ugali wake taratibu, akanawa mikono, akashukuru. Halafu akainuka, akaenda kwenye uzio na kuanza kung'oa mabua, akiyapanga vizuri kando ya jiko langu. "Haya yatakufaa kuwashia moto, mkamwana," akasema.

Mume wangu akatoka chini ya gari akiwa mweusi usoni. Akamshika baba yake mkono, akamsihi aache, kwa sababu watu wataona na watacheka.

"Wameshacheka," mzee akamjibu. "Ulikufa?"

Mzee akaendelea kung'oa. Kisha akasimama, akamtazama mwanawe, wala hakupaza sauti. "Hili gari umelinunua ubebe mahindi ya nani? Si ya hawa hawa unaowakimbia? Sasa nani atakupa gunia lake ulipakie kwenye gari ambalo hajaliona likitengenezwa? Waache waje wacheke hapa hapa karibu, waone na spana ikikuteleza. Siku likiwaka watajua limewakaje."

Mume wangu alikaa chini kwenye tairi. Nilidhani atakasirika. Lakini aliinuka, akashika upande wa pili wa uzio, wakamalizia kuung'oa pamoja.

Watu walikuja, na walicheka kama alivyoogopa. Lakini mtu akishamaliza kucheka na bado amesimama pale, mikono yake inatafuta kazi. Bwana Anselimu alikuja akainama kwenye injini, akasema alikuwa akiisikia kila siku chini ya mlio wa mashine yake, na alikuwa anashangaa kwa nini hawamwiti. Walifungua pamoja kile kibomba kinachopeleka oili kwenye turbo, wakakikuta kimeziba kwa oili iliyoganda, nyeusi kama lami. Turbo yenyewe ilikuwa imekufa bushi na sili, vile vipande vya ndani vinavyoshika mhimili wake na kuzuia oili isitoke, ndiyo maana ilikuwa inavuja oili na kutoa moshi ule. Mume wangu akasema mbele ya wote kwamba haing'olewi, itatengenezwa. Nilimpenda upya siku ile.

Na spea je? Mama Zakaria, yule yule wa kigae, akasema kwa sauti kubwa kwamba kaka yake yuko Tabora, anafanya kazi mahali wanapokata magari mabovu. Hatukujua miaka yote hiyo kwa sababu hatukuwahi kumuuliza. Akatuma ujumbe kwa treni, na jibu likaja kwa treni: turbo kuukuu ya gari la aina ileile, imeviringishwa kwenye kitenge, imewekwa ndani ya kapu la mchele ili isigongwe. Yule fundi wa mjini aliitwa tena, akaja na moyo mwingine alipoona watu wengi wa kumsaidia. Wakaunganisha sehemu nzuri za ile kuukuu na zilizofaa za ile yetu. Seremala akatengeneza bodi mpya ya mbao. Mimi nilipaka rangi milango, kijani, na kama brashi ilitetereka hapa na pale hakuna aliyenikosoa.

Siku ya kupakia, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Mume wangu aliegesha lori barabarani, na kwa muda hakuna aliyesogea na gunia lake. Mama Zakaria ndiye aliyetangulia. "Pakieni," akasema, "mimi mwenyewe nimeliona hata utumbo wake." Baada yake walikuja wote.

Nilikaa mbele, katikati ya mume wangu na baba mkwe. Tulipofika kwenye mlima, mume wangu alibadilisha gia, akakanyaga mafuta, na injini ikaanza kupiga mluzi mwembamba unaopanda. Mzee akainua kichwa, akatega sikio, akamgusa mwanawe begani. "Simamisha kwanza, nyuki wameingia kwenye injini." Mume wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akiwa ameshika usukani kwa nguvu, na lori likaendelea kupanda na magunia ya kijiji kizima mgongoni. Ule ulikuwa mlio wa turbo. Tulifika Kashaulili mchana, tukauza kwa bei tuliyokubaliana nayo sisi, na mvua ikatukuta tukirudi na gari tupu.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike, mwanangu. Nyie vijana wa leo mnatuonyesha kwenye simu vitu vilivyokwisha tu, nyumba imepakwa rangi, biashara imefunguliwa, gari linang'aa. Huko kwenye kuhangaika mnajizungushia uzio. Usifiche kazi unayojifunza. Ukianzisha jambo kubwa, lianzie mahali watu wanapopita. Watakaokucheka wakaondoka, waache waende. Watakaokucheka wakabaki, wape spana. Tena usikubali kung'oa kilicho kigumu ili umalize haraka, kwa sababu mara nyingi nguvu ya kukupandisha mlima imo humo humo. Na ukiona unaanza kumsemesha kwa ukali mtu anayekupenda, jua aibu imeshakutawala, toka nje ukae na watu.

Mungu akupe mikono yenye uvumilivu na majirani wenye maneno mengi na mioyo mizuri. Akupe mzee wa kukung'olea mabua wakati wewe huna ujasiri. Njia yako ipande salama, mzigo wako ufike, na wanaokungoja nyumbani wakusikie ukirudi ungali mbali, wafurahi.