Mgongo Ni Wangu, Si wa Banda

Bado naikumbuka Jumapili ile ya Chang'ombe, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Nilikuwa msichana wa kiwandani: mchana nafunga maboksi, jioni nanyanyua vyuma kwenye banda la nyuma ya gereji, mwanamke peke yangu. Vyuma vyenyewe vilikuwa mabomba yenye makopo ya zege huku na huku. Usicheke, zege lile lilikuwa zito kweli.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Kondo, mtu wa Kilwa, mpole wa sauti lakini hana masihara na mgongo wa mtu. Nilipoanza, mkanda wa ngozi wa kukaza kiuno niliufunga tangu mlangoni, nimeukaza kama kibwebwe cha ngomani, nikafagia nao, nikanyanyua nao hata bomba tupu. Akanivua mkanda huo.

"Binti yangu, mkanda haubebi chuma," akasema. "Vuta pumzi, jaza tumbo, likaze kama mtu anataka kukupiga ngumi. Ukilijua hilo, mkanda utakuwa ukuta wa tumbo kusukumia. Usipolijua, ni urembo tu."

Akanikataza kuugusa mpaka nijue kukaza tumbo. Nilinuna, lakini nilijifunza.

Jumapili hiyo palikuwa na nafasi moja ya kwenda mashindanoni, nasi tulioitaka tulikuwa wawili, mimi na Jongo, fundi wa gereji. Mzee Kondo alikuwa msibani Kilwa, kwa hiyo vijana wakajitungia sheria. Mizigo myepesi niliinyanyua bila mkanda. Ulipofika ule wa mwisho, mzito kuliko wote niliowahi kujaribu, nikautoa mkanda msumarini.

"Sista, ukivaa hiyo kitu hatuhesabu," Jongo akasema. "Nyanyua kavu kama sie, au kaa pembeni."

Wakacheka. Nikaufunga, nikajaza tumbo, chuma kikapanda mpaka mapajani. Cheko likaisha.

"Haihesabiki," akarudia.

"Msihesabu. Mgongo ni wangu, si wa banda."

Nafasi akapewa yeye. Alinyanyua kavu, kiuno kimepinda vibaya, wakampigia makofi. Nililia njia nzima. Lakini kabla ya mashindano mgongo ukamkamata, akashindwa hata kuinama chini ya gari, na nafasi ikapotea bure. Sikumcheka. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ukiniuliza kama najuta kuikosa nafasi ile, sijuti hata chembe.

Mwanangu, jifunze kwanza kukaza tumbo lako mwenyewe. Mizigo myepesi ibebe bila mkanda, ukae ukiujua mwili wako. Ukifika kwenye ule mzito wa kweli, ufunge bila aibu, kisha ulegeze ukimaliza. Na mgongo ukiuma, usiufiche ndani ya mkanda. Weka chuma chini, nenda hospitali. Watasema unaogopa, au unajishaua. Waache waseme! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na maumivu ya kiuno chako hakuna atakayekusaidia kuyalalia.

Mungu akupe mgongo ulionyooka na shingo ngumu kidogo, uzeeke ukiwa bado unabeba mzigo wako mwenyewe.