Feni ya Mgonjwa

"Mgeni kalowa jasho kidogo tu, mkaenda kumnyang'anya mgonjwa feni. Kwani mgeni angekufa?"

Hayo aliyasema Mirathi, fundi wetu wa kompyuta, katikati ya ofisi, mbele ya karani, mbele ya Bosi, na mbele yangu mimi niliyesimama na sinia la chai. Mgonjwa ni seva, ile kompyuta kubwa inayotunza oda zote za kiwanda chetu cha mikate. Karani alikuwa ameihamisha feni iende kumpepea mgeni wa Bosi. Mgeni akapoa, akaenda zake. Huku nyuma seva ikachemka, ikatoa harufu ya waya kuungua, ikazimika.

Na feni yenyewe ni yangu. Mirathi aliiazima jikoni kwangu, eti kwa wiki moja, na mpaka siku hiyo nilikuwa bado nachemka pamoja na sufuria. Kila nikimdai ananijibu kwamba mimi nina miguu, naweza kutoka nje kupunga upepo, seva haiwezi.

Mirathi si jina alilopewa na mama yake, tulimpachika sisi. Kompyuta ikifa kiwandani kwetu haitupwi. Anaipeleka chumbani kwake nyuma ya ghala la unga, anaibandika karatasi yenye ugonjwa uliomaliza maisha yake, kisha anagawa mali. Memori inarithiwa na karani, diski inakwenda kwa mlinzi wa getini, kibodi inakwenda ghalani hata kama imeng'oka meno. Mpaka leo mtunza ghala akitaka kuandika "unga" anachokoa kwa kijiti mahali U ilipokuwa. Nyumbani kwake Mirathi hathubutu. Mkewe amepiga marufuku mashine kuvuka kizingiti, tangu siku alipokalia kipande chenye meno ya chuma kwenye kochi, akakosa kukaa vizuri siku kadhaa.

Mpya hatununui kwa sababu Bosi aliwahi kuuliza bei, akaambiwa inalingana na tanuri zima. Akachagua tanuri. Watu hawali kompyuta, alisema, na hapo sikumwona na kosa. Ila alimwekea Mirathi sharti: siku seva itakapokufa na oda zisitoke kabla waokaji wa jioni hawajaingia, kazi hiyo atapewa mtu wa nje na yeye atafute pengine. Siku hiyo alimkumbusha, tena kwa sauti ya chini. Bosi akipiga kelele usiogope, ogopa akishusha sauti.

Mirathi akanywea. Nikamfuata chumbani na kikombe chake, maana bila chai kichwa chake nacho huzimika. Alikuwa ameshaipasua seva. Kiboksi cha kupokea umeme kilikuwa kimeungua, cheusi kama chungu changu cha maharage. Cha akiba alishakigawa. Kilichobaki ghalani ni kidogo, hakiwezi kulibeba jitu kama lile.

Kilikuwapo kimoja tu cha rika lake, na sote tulijua kilipo. Ofisini kwa Bosi, kwenye kona, ipo kompyuta ya kwanza waliyoanzia biashara yeye na marehemu mumewe. Haiwaki. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kuna chombo cha maua ya plastiki. Mirathi aliwahi kuigusia, akanuniwa hadi akajuta kuzaliwa na mdomo.

Nikamuuliza kama atakwenda.

"Nikienda nafukuzwa, nisipokwenda nafukuzwa," akasema. "Heri nifukuzwe nimeshakunywa chai, dada."

Akaimaliza, akaenda. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba vikombe vya Bosi havijatolewa.

"Sikuombi mwili, Bosi," alimwambia. "Naomba kiungo kimoja. Mwenyewe atabaki hapohapo na maua yake."

Bosi alikitazama kile kitambaa. Kisha akauliza, "Skrubu zote utazirudisha?"

Lilikuwa swali la haki. Mirathi akitengeneza kitu, mifuko yake hulia njuga.

"Zote."

Bosi akayaondoa maua kwa mkono wake, akakikunja kitambaa, akakishika.

Seva ilipopachikwa kile kiboksi ilikohoa, ikanyamaza. Ikakohoa tena, ndipo ikaanza kunguruma.

"Marehemu alikuwa hivyohivyo," Bosi akasema mlangoni. "Haamki mpaka akohoe."

Tulicheka kwa tahadhari, mpaka yeye mwenyewe alipocheka, basi tukaachia. Waokaji waliingia wakakuta oda zimechapwa, zingali na joto la printa. Karani aliirudisha feni mbio bila kuambiwa. Na yule mtu wa nje, Bosi alisema, akitaka mikate aje dirishani kama wateja wengine.

Baada ya siku chache Mirathi akaja jikoni na fremu ya mbao. Ndani amepanga vifeni vidogo vilivyotoka matumboni mwa marehemu wake wote, kimoja cha kompyuta ya Bosi, kwa ruhusa. Akaviunga na chaja ya modemu iliyokufa. Vikaanza kuvuma kama nyuki.

"Deni limekwisha, dada?"

Nikamwambia aisogeze fremu karibu na jiko kwanza. Akasogeza. Nikauweka uso mbele yake, nikafumba macho, nikamwacha asubiri kidogo, kama nami nilivyosubiri.

"Limekwisha," nikamwambia. "Vuta kiti, chai imeiva."